Tathmini Ije Baada ya Kiangazi

Msikilizaji, miradi mingi ya kukabiliana na ukame hupimwa pesa zinapokwisha. Gari linafika, silanga zinahesabiwa, waliohudhuria mafunzo wanahesabiwa, ripoti inafungwa. Kama mwaka huo mvua ilinyesha vizuri, hata silanga isiyofaa itaonekana imefaulu.

Kule Isiolo, Waborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yaliwe wakati wa mvua, yapi yafungwe hadi kiangazi, na zamu za visimani. Mfuko wa tabianchi wa kaunti ulipojaribiwa huko mwanzoni mwa muongo uliopita, kamati za wodi zilichagua miradi zenyewe, na kuimarisha dedha kukawa miongoni mwa chaguo zao. Mtathmini aliyezoea kuhesabu matangi hapo hukwama. Mfugaji hakwami. Atauliza: nyasi za akiba zilidumu hadi mwezi gani? Ng'ombe wa kukamwa walibaki nyumbani hadi lini, watoto wakipata maziwa? Wangapi waliuzwa kwa bei ya kutupa?

Maswali hayo hayajibiki mwaka wa neema. Yalijibika kati ya mwisho wa 2020 na 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo na zaidi ya mifugo milioni mbili kufa nchini Kenya. Huo ndio mtihani wenyewe, na wakati huo miradi mingi ilikuwa imeshafunga hesabu zake.

Tena, swali lisiishie kwa wenyeji. Malisho yaliyofungwa vizuri huvuta wafugaji kutoka Wajir, Garissa na Samburu. Kama wodi moja ilinusurika na jirani zake wakaangamia au wakapigana kwa sababu yake, hayo nayo yaandikwe. Na kama mifugo ilipona kwa sababu ya lori la maji la msaada, mradi usijitwalie sifa.

Mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi kule Dubai, mataifa yalikubaliana juu ya mfumo wa dunia wa kuongoza na kutathmini juhudi za kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Ni vyema. Lakini naomba kaunti zetu zifanye jambo dogo zaidi: zitenge sehemu ya fedha za kila mradi kwa ajili ya kurudi baada ya ukame wa kwanza, wafugaji wenyewe waandike vipimo, na matokeo yasomwe barazani kwa Kiborana, mbele ya watu wanaoweza kusimama na kuyapinga.