Mimba ya Kifaru na Mayai ya Pweza wa Kilindini

Kifaru jike mweupe alaye nyasi kandokando ya Ziwa Nakuru hubeba mimba kwa miezi 16 hivi, muda ambao wafugaji wa Bonde la Ufa, waliozoea ng'ombe wa miezi 9, huuona mrefu kupita kiasi. Hata hivyo, yuko mama anayemshinda kwa mbali, ingawa hana mfupa wala mji wa mimba, naye ni pweza wa kilindini, yaani aishiye pasipofika mwanga wa jua, ambaye wataalamu humwita Graneledone boreopacifica.

Mwaka 2007, watafiti wa bahari huko Monterey, California, wakitumia chombo chenye kamera kiendeshwacho kutoka melini, walimkuta pweza jike ameng'ang'ania mwamba, mita 1,400 hivi chini ya maji, akiatamia mayai. Walimtambua kwa makovu yake, na kila waliporudi alikuwa palepale, ngozi ikizidi kupauka na kulegea, macho yakiingia ukungu, wala hakuonekana akila. Hata vipande vya kaa alivyosogezewa na mkono wa chombo hicho alivikataa. Aliatamia kwa miezi 53. Oktoba 2011 hakuwapo tena, na mwambani yalibaki maganda matupu.

Sababu kubwa ni baridi: maji ya pale yana nyuzi 3 hivi za Selsiasi, nayo huchelewesha kiinitete, yaani kiumbe kinachojengeka ndani ya yai. Pweza wa miambani avuliwaye Lamu hadi Vanga, kwenye maji ya joto, huatamia wiki chache tu. Kifaru, kwa kuwa ni mamalia, hutunza joto lake mwilini, hivyo baridi ya alfajiri ya Nakuru haimcheleweshi mtoto tumboni.

Kuhesabu miezi peke yake, lakini, kunapotosha. Pweza huzaa mara moja maishani, akautoa mwili wake wote, na vitoto vyake huanguliwa vikiwa tayari kuwinda. Kifaru huendelea kula, huzaa ndama mmoja, humnyonyesha zaidi ya mwaka na kutembea naye miaka miwili au mitatu (ndama wa kifaru mweupe hutangulia mbele, wa kifaru mweusi hufuata nyuma), ndipo azae tena. Kwa hiyo jangili amuuapo kifaru jike huondoa pia ndama wote ambao angezaa baadaye, na yule anyonyaye humwacha katika hatari ya kufa.