Bei ya Haki na Uaminifu kati ya Mwuza Magari na Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika kukagua hesabu za vyama, hati zinazonichukulia muda mrefu kuliko nyingine ni zile za ununuzi wa lori. Mbolea hununuliwa kila mwaka, na kosa la mwaka huu laweza kusahihishwa mwakani. Lori hununuliwa mara moja katika miaka mingi, kwa fedha ya wanachama wote, na kosa lake hulipwa msimu hata msimu.

Kwanza, bei ya haki ni ipi? Si lazima iwe bei ya chini. Ni ile ambayo mwuzaji aweza kuieleza kifungu kwa kifungu bila kutahayari. Gari lililotumika likitoka Japani lina bei lililonunuliwa huko, nauli ya meli na bima, ushuru na kodi, gharama za bandari, usajili, na mwisho faida ya mwuzaji. Faida si dhambi, maana naye ana watoto na wafanyakazi. Dhambi ni kuificha ndani ya kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania inacho kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika; katibu aweza kuhakikisha kifungu hicho kabla hajatia sahihi.

Wenzetu wa Marekani walilitungia jambo hili sheria mwaka 1958, kwa juhudi za Seneta Mike Monroney. Kila gari jipya hubandikwa karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, bei ya vifaa vya ziada, na gharama ya usafirishaji. Hata hivyo karatasi haizuii tamaa. Mwaka 2021 vipuri vya kielektroniki vilipoadimika duniani, wauzaji wengi walidai zaidi ya bei iliyobandikwa. Mapema mwaka 2022 kampuni za Ford na General Motors zilibidi kuwaonya wauzaji wao, kwa kuwa mteja aliyekamuliwa wakati wa shida hukumbuka siku ya neema.

Pili, tupime bei pamoja na huduma. Tuseme, kwa mfano tu, mwuzaji mmoja anataka shilingi 45,000,000 bila dhamana, na mwingine shilingi 48,000,000 pamoja na dhamana ya miezi sita na vipuri vilivyo tayari. Lori la kwanza likilala siku 20 wakati wa mavuno kwa kukosa kipuri, na chama kikakodi jingine kwa shilingi 250,000 kwa siku, zimekwenda shilingi 5,000,000. Lile la bei nafuu sasa limegharimu shilingi 50,000,000, na fundi bado hajalipwa. Rahisi ni ghali.

Tatu, uaminifu. Waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 hawakuwaomba wanachama waipende duka lao kwa maneno. Waliuza bidhaa zisizochanganywa uchafu, kwa mizani ya kweli, na ziada wakaigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Uaminifu wa mteja ulifuata haki, haukuitangulia. Na mwuza magari vivyo hivyo: akitaka chama kirudi kwake, asirudishe nyuma kilometa za gari, wala asifiche ajali yake. Chama nacho kilipe kwa tarehe iliyoandikwa, kifanye matengenezo kwa wakati, wala kisimsingizie mwuzaji ubovu uliotokana na kuzidisha mzigo.

Lakini, Ndugu Makatibu, uko uaminifu wa namna nyingine, nao ndio unaoua vyama. Ni ule wa mtumishi kumrudia mwuzaji yule yule kwa sababu ya bahasha. Bahasha hiyo haikutoka mfukoni mwa mwuzaji. Imeongezwa katika bei, na mkulima ameilipa kwa kahawa yake. Mtumishi wa namna hiyo ni mwaminifu kwa duka na ni haini kwa chama.

Kwa hiyo nashauri haya:

(a) Ununuzi uidhinishwe na mkutano mkuu. Na kama ni kwa mkopo, usivuke ukomo wa madeni wa chama.

(b) Zipatikane ankara kifani tatu zenye mchanganuo, zisomwe kikaoni, na sababu ya kuchagua iandikwe katika muhtasari.

(c) Gari likaguliwe na fundi asiyelipwa na mwuzaji.

(d) Dhamana iwe ya maandishi, na kadi ya gari iandikwe jina la chama.

(e) Punguzo lolote liingie kwenye stakabadhi, si mfukoni.

Chama kikifuata haya, mwuzaji mwema atafurahi, kwa maana atashinda kwa wema wake. Mwuzaji mbaya atakwenda kutafuta wajinga kwingine. Na kazi yetu sote ni kuhakikisha hawapati katika vyama vyetu.