Hita ya Maji: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: tangi, koili, kutu, vali. Tutayatumia sana leo.

Wale wanaokaa Njombe, Mbeya au Limuru wanaijua baridi ya mwezi wa Juni na wa Julai. Maji ya bomba asubuhi hutia ganzi vidole. Kwa sababu hiyo wako watu wanaoweka nyumbani tangi la kupashia maji moto kwa umeme, nalo huitwa hita.

Sasa, siku moja hita yaharibika. Fundi aja, atazama, atikisa kichwa. "Mzee, hii imekufa. Nunua nyingine." Je, ni kweli? Pengine ni kweli. Pengine ni koili tu iliyoungua, nawe utatupa kitu kizima. Lakini yuko na mtu wa pili. Hita yake imechakaa kabisa, naye aitia viraka kila mwezi mpaka siku imdhuru. Somo hili ni la hao wote wawili.

Kwanza tuitazame hita yenyewe. Nyingi ni tangi la chuma, na ndani chuma hicho kimefunikwa na utando mgumu kama kioo ili kisishike kutu. Ndani ya tangi mna koili, ndiyo inayopasha maji. Mna themostati, ambayo huzima umeme maji yakifikia joto lililowekwa. Tena mna fimbo ya magnesiamu. Kazi ya fimbo hii ni ya ajabu: huliwa yenyewe ili tangi lisiliwe. Fimbo ikiisha, kutu huligeukia tangi. Penye maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, fimbo huisha upesi zaidi.

Basi shikeni kanuni hii: koili, themostati, fimbo na vali hubadilishwa, tangi lililotoboka halitengenezwi. Ukilichomelea, moto wauharibu ule utando wa ndani, na kutu yaanza tena.

Sasa tuzitazame dalili moja moja.

Dalili ya kwanza ni maji kuvuja. Zima umeme, kisha funga bomba linaloingiza maji baridi. Futa tangi mpaka likauke, halafu fungua maji na utazame, umeme ukiwa bado umezimwa. Yakitoka kwenye maungio ya bomba, fundi atayakaza au atabadilisha mpira. Yakitoka kwenye mwili wa tangi, hapana dawa. Nunua jipya.

Dalili ya pili ni maji mekundu. Fungua bomba la maji baridi peke yake. Kama nayo ni mekundu, kosa si la hita, tazama mabomba. Kama ni ya moto tu, mwambie fundi aisafishe hita na kuikagua fimbo. Wekundu ukirudi baada ya fimbo mpya, tangi laliwa kwa ndani.

Dalili ya tatu ni hita kunguruma na kupasuka-pasuka kama bisi. Huo ni ukoko wa chokaa ulioganda ndani, kama ule wa birika la chai. Ukoko huo huiunguza koili. Osha tangi, usikimbilie kununua.

Dalili ya nne ni maji kuchelewa kupata moto. Hapa tufanye hesabu. Lita 50 za maji, kutoka digrii 15 mpaka digrii 60, zataka uniti 2.6 hivi za umeme. Koili ya kilowati 2 huifanya kazi hiyo kwa saa moja na dakika 20 hivi. Yako yachukua saa mbili? Uliza kwanza habari za umeme wenyewe. Umeme wa volti 230 ukishuka mpaka volti 185, koili hutoa theluthi mbili tu ya joto lake. Hapo hata hita mpya haitakusaidia.

Dalili ya tano ni ya hatari. Ukigusa bomba au maji ukasikia umeme, toka, uzime swichi kuu, wala asioge mtu mpaka fundi wa umeme aikague koili na waya wa ethi. Usiseme, "Ni kidogo tu." Umeme na maji huua.

Na sasa nitaungama kosa langu. Nyumbani kwangu vali ya usalama ilikuwa ikidondosha maji kila hita ilipowaka. Nikaiziba kwa kipande cha mti, nikajiona hodari. Fundi mmoja mzee alikiona, akakichomoa, akaniambia, "Bwana mwalimu, umeziba pua ya mtu anayepumua." Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 huongezeka kama robo tatu ya lita, nayo lazima yapate njia. Yakikosa njia, na themostati ikagoma kuzima, tangi laweza kupasuka na kuvunja ukuta. Matone machache wakati wa kupasha si ugonjwa. Yakidondoka mchana kutwa, badilisha vali. Usiizibe kamwe.

Mwisho, fikirini umri na bei. Hita nyingi hudumu miaka 8 mpaka 12. Tuseme mpya ni shilingi 300,000, na koili pamoja na kazi ni shilingi 40,000. Hita ina miaka mitatu? Tengeneza. Ina miaka kumi, tangi lina kutu, na matengenezo yafika nusu ya bei ya mpya? Weka fedha zako, ununue mpya.

Andikeni tarehe ya kununua kwa rangi juu ya tangi. Wino huo mdogo utawaokoa na maneno mengi ya fundi.

Maswali ya darasa:
1. Fimbo ya magnesiamu ina kazi gani?
2. Tangi lavuja kwenye mwili wake. Utafanya nini kwanza, na nini baadaye?
3. Kwa nini vali ya usalama isizibwe?

Kwaherini, ndugu zangu.