Hotuba juu ya Kilimo cha Pareto na Utunzaji Wake



Leo twapenda kusema nanyi habari za ua moja jeupe lenye kiini cha manjano, ambalo wengi wenu mwalijua kwa jina la pareto. Ua hili ni zuri kwa sura, lakini halipandwi kwa kupamba nyumba. Ni mmea wa biashara, na ndani yake hutoka dawa ya kuua wadudu. Mtu akiutunza vema humpa fedha mwaka baada ya mwaka pasipo kupanda tena. Akiutunza vibaya humpotezea ardhi, na jasho, na miaka mitatu ya kazi. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza mambo yake kwa taratibu, tangu asili yake hata siku ya kuuza.

Kwao pareto ni Dalmatia, nchi ya pwani ya bahari ya Adriatiki huko Ulaya, ambayo leo sehemu yake kubwa ni ya Kroatia. Huota huko katika vilima vya mawe, penye udongo haba na jua kali. Wakati wa baridi mmea hukaa kimya, majani yake ya rangi ya kijivu yakiwa karibu na ardhi. Baridi ikiisha kupita, mwishoni mwa majira ya machipuko, huchanua mara moja kwa mwaka. Watu wa huko waliyakausha maua, wakayasaga, wakanyunyiza unga wake kuua viroboto na kunguni. Baadaye mbegu zilifika Japani, na kabla ya Vita Kuu ya Pili Japani ndiyo iliyotoa pareto nyingi kuliko nchi zote. Kenya ililetewa mbegu mwaka 1928, na kilimo kikaenea hata Tanganyika na Ruanda. Vita vya 1939–1945 vilipofunga njia ya Japani, majeshi yalitaka dawa ya mbu na chawa kwa wingi, na maua ya milima yetu yakatafutwa kuliko zamani. Hapo kwanza mashamba mengi yalikuwa ya masetla wa Kizungu. Baadaye wakulima wadogo ndio waliokuwa wengi.

Sasa labda mtu atauliza: mmea uliozoea baridi ya Ulaya wawezaje kusitawi karibu na ikweta? Jibu ni hili. Pareto haitoi vichwa vya maua isipopata baridi kwa majuma kadhaa. Kule kwao baridi huja mara moja kwa mwaka. Kwetu milimani huja kila usiku. Ndiyo sababu hapa mmea huu huchanua miezi mingi, wala hauchanui mara moja tu. Lakini ukiupanda katika nchi ya chini yenye joto, utaona majani mengi ya kupendeza na maua haba, na hata hayo machache nguvu yake ni kidogo. Basi mtu wa bondeni asidanganywe na uzuri wa majani. Pareto yataka nchi iliyo juu ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, kama Molo, Kinangop na Kisii katika Kenya. Mufindi, Njombe na Makete katika Tanzania. Na Musanze katika Rwanda.

Tena yafaa mkulima ajue anachouza. Nguvu ya pareto ni mafuta yaitwayo pairethrini, ambayo mabingwa wawili, Staudinger na Ruzicka, walitangaza habari za maumbile yake mwaka 1924. Mafuta hayo hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka mara moja. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nguvu hiyo zimo katika vijimbegu vidogo ndani ya kichwa cha ua. Katika majani meupe ya ua imo kidogo tu, na katika kikonyo ni kama hakuna. Mtu achumaye ua pamoja na kikonyo kirefu, akidhani ameongeza uzito, ameongeza takataka.

Haya, tuje kwenye shamba. Pareto haipendi kabisa maji yatuamayo. Mizizi huoza na mmea hufa. Chagueni udongo uliolegea, upitishao maji. Limeni mapema, mng'oe sangari na magugu yote yenye mizizi ya kutambaa, kwani mkiisha kupanda hamtaweza tena kuyafikia bila kuumiza mizizi ya pareto. Shamba likiwa mtelemkoni, matuta yapite kukata mtelemko, wala yasifuate njia ya maji. Pareto haifuniki ardhi yote kama nyasi. Mvua kubwa ikikuta matuta yaliyoelekea chini, udongo wa juu utachukuliwa mtoni, na udongo huo hakuna awezaye kuurudisha.

Miche hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbegu, ambazo husiwa katika kitalu chenye udongo laini na kivuli chepesi, na kuhamishwa miche ikiwa na nguvu. Ya pili ni kung'oa mashina makubwa ya zamani na kuyagawa vipande, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi yake. Njia hii ya pili ni rahisi, na mmea mpya hufanana na mama yake kwa kila kitu. Basi angalieni mama huyo ni yupi. Watu wengi hugawa mashina dhaifu kwa kuwa hawataki kuharibu yale mazuri, kumbe ndivyo wanavyojaza shamba udhaifu. Chagueni mashina yenye maua mengi, mabua yaliyosimama, na mizizi isiyo na vinundu. Vinundu ni alama ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Shina lenye alama hiyo lichomwe moto.

Pandeni mvua zianzapo kushika. Kati ya tuta na tuta iwe futi mbili, na kati ya mche na mche futi moja. Kwa kipimo hicho eka moja huchukua karibu miche 22,000. Kishindilieni udongo kuzunguka mizizi, lakini moyo wa mche usifukiwe. Yaliyokufa yajazwe mapema, mvua ingali ikinyesha.

Baada ya kupanda kazi kubwa ni palizi, na palizi ya pareto haina likizo, kwa kuwa mmea ni mfupi na magugu huushinda upesi. Maua ya kwanza huwa tayari baada ya miezi mitatu au minne. Kila mwaka wakati wa kiangazi, maua yakipungua, yakateni mabua yote makavu ya zamani, ili mvua zirudipo mmea utoe machipukizi mapya. Wako wanaoona uchungu kukata. Lakini bua lililokwisha kutoa maua halitoi tena, nalo hufuga magonjwa. Baada ya miaka mitatu au minne nguvu za shamba hupungua. Hapo ng'oeni, mpande nyasi au nafaka kama ngano na shayiri kwa muda, na pareto mpya mwipande mahali pengine.

Kuchuma ndiko kuamuako faida. Ua lililo tayari hutambulikana hivi: majani yake meupe yamenyoka sawasawa pande zote, na katika kile kiini cha manjano mistari miwili au mitatu ya nje imekwisha kufunuka. Likichumwa kabla ya hapo, nguvu haijajaa; likiachwa mpaka likauke shambani, nguvu imepungua. Kwa hiyo pitieni shamba kila baada ya majuma mawili au matatu. Chumeni kichwa peke yake kwa vidole, mkitie katika kikapu kinachopitisha hewa. Msishindilie maua mabichi katika gunia, wala msiyarundike usiku kucha, kwani hupata moto, huvunda, na dawa yake huharibika. Wengine huwashwa na ngozi kwa kuyagusa. Hao wanawe mikono, wasishike macho.

Maua yaanikwe siku ile ile iliyochumwa, yatandazwe kwa wembamba juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa, wala si juu ya udongo mtupu. Mvua ikitisha yaingizwe ndani. Penye mvua nyingi wakulima hujenga kikaushio cha moto, na hapo yatakiwa uangalifu, kwa maana moto mkali hupoteza nguvu ya dawa. Ratli nne au tano za maua mabichi hutoa ratli moja ya makavu. Lisugue ua kati ya vidole. Kiini kikivunjika kikawa unga, limekauka.

Sasa tumefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake hasa tumewaita Machifu na Waalimu. Maua ya wakulima wengi hukusanywa pamoja na kupimwa nguvu yake pamoja. Mmoja akitia mabichi, au vikonyo, au mchanga, bei ya wote hushuka. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza wote wameoza. Jambo hili halimalizwi na wapimaji wa kiwandani. Lamalizwa na jirani amwambiaye jirani yake ukweli kabla gunia halijafungwa.

Tena, kwa miaka mingi ya karne ya 20 Kenya iliongoza dunia kwa pareto. Kisha viwanda vya ng'ambo vikatengeneza dawa za kuiga nguvu yake kwa bei ndogo, na tangu miaka ya 1990 malipo ya wakulima yakawa ya kuchelewa sana. Wengi waliing'oa pareto wakapanda viazi na mahindi, na uongozi ukahamia Tasmania, kisiwa cha Australia. Hatusemi haya ili kuwakatisha tamaa. Ua lenyewe halikukosa. Dunia yaendelea kulitaka, kwani dawa yake huharibiwa upesi na mwanga wa jua, haikai katika chakula, na madhara yake kwa mtu na mnyama wa mfugo ni madogo kuliko ya dawa nyingi. (Lakini nyuki na samaki huwaua, basi msioshe vyombo vya dawa mtoni.) Twasema ili mjue kwamba mkulima mwenye pareto tupu shambani hana chakula siku malipo yakichelewa. Tengeni kwanza shamba la chakula. Sehemu iliyobaki ndiyo iwe ya pareto. Kila mkipeleka maua, andikeni siku na uzito, na mtunze stakabadhi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu wa kijiji aweza kuwasaidia wazee wasiojua kuandika, na kazi hiyo haitamchukua hata saa moja kwa juma.

Neno la mwisho ni la nyumbani. Kuchuma pareto ni kazi nyepesi kwa mkono, na kwa sababu hiyo mara nyingi huachiwa wanawake na watoto. Mtoto asaidie wazazi wake jioni na siku ya mapumziko. Asizuiliwe shule kwa ajili ya maua. Maua yatachanua tena baada ya majuma mawili, bali mwaka wa masomo uliopotea haurudi. Na mama aliyeinama tutani tangu asubuhi apewe haki yake fedha zinapokuja; mwenye nyumba asizimalize njiani. Chifu aliye na busara atalisema hili barazani bila kuona haya, kwa kuwa shamba ambalo wachumaji wake hawaoni faida halitachumwa vizuri, hata likilimwa namna gani.

Basi, mabwana na mabibi, haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Mvua zikikaribia, tazameni mashamba yenu, mchague mashina mema, mwinue matuta yakatayo mtelemko, nasi twawatakia mavuno mema. Kwaherini.