MASHINE HAIONI KOVU LA KUPE
(Mazungumzo na vikundi vya mafundi wa ngozi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mashine za kukata ngozi zinazoongozwa na kompyuta. Sisi ni mafundi wa makubazi, mikanda na mikoba. Tuko kumi na mmoja. Hatukusomea kompyuta. Lakini mwaka jana tulibakiza kidogo tu kununua mashine hiyo, kwa akiba yetu ya miaka minne na mkopo juu yake. Tuliyoyaona ndiyo tutakayowaambieni leo.

Kwanza, mashine yenyewe ni kitu gani? Ninyi mnajua mkata ngozi anavyofanya. Anaweka kiolezo cha kadibodi juu ya ngozi, anazungusha kalamu, halafu anapitisha kisu. Mashine hii haitaki kadibodi. Umbo la kipande huchorwa ndani ya kompyuta. Kompyuta huziamrisha mota, na mota husogeza kikatio juu ya meza kikifuata mchoro ule. Ukitaka makubazi ya namba 38 badala ya namba 42, unabadilisha mchoro tu. Huo ni uzuri wa kweli, hatuukatai.

Kikatio chenyewe kipo cha namna mbili.

Namna ya kwanza ni leza. Leza ni mwanga mkali uliokusanywa mahali padogo kama ncha ya sindano. Mwanga huo haukati kama kisu, unaunguza. Unaweza kutoboa maua madogo ambayo mkono hauyawezi. Ukipunguzwa nguvu, unaandika jina juu ya mkanda. Lakini kwa kuwa unaunguza, ukingo wa ngozi hubaki mweusi, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Lazima pawe na feni na bomba la kutoa moshi nje. Tena katika mashine ndogo nyingi, bomba la kioo linalotoa mwanga huo hupozwa kwa maji muda wote wa kazi. Bomba hilo huchakaa, na siku moja ni lazima linunuliwe jingine.

Namna ya pili ni kisu. Ni kisu chembamba kinachopanda na kushuka upesi sana, kuliko sindano ya cherehani. Hakiunguzi, na ukingo hubaki safi. Meza yake ina matundu, na pampu huvuta hewa kwa chini ili ngozi isihame. Pampu hiyo inakula umeme mwingi. Mashine nyingi za namna hii zinataka umeme wa fezi tatu, na bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya leza ndogo.

Msisahau pia mashine ya kugandamiza, ambayo haina kompyuta. Unaweka chuma chenye makali na umbo la kipande juu ya ngozi, mashine inakandamiza, kipande kinatoka. Ni ya haraka. Lakini kila umbo na kila namba inataka chuma chake. Mtindo ukibadilika, vyuma vile vinabaki kuwa mzigo.

Sasa tuwaambieni yaliyotupata.

Mwuzaji mmoja mjini alituonyesha leza. Akalaza kipande mezani, akabonyeza, na mara vipande vikatoka vyote sawasawa. Tukapiga makofi. Lakini macho yalianza kutuwasha, na wawili wetu wakakohoa. Mama mtunza hazina wetu akakigeuza kile kipande, akatazama nyuma yake. Akauliza, "Hiki mbona kina kitambaa nyuma? Ni ngozi ya mnyama gani huyu?" Mwuzaji akacheka. Kumbe ilikuwa ngozi ya bandia!

Ndugu zetu, hapo pana hatari. Ngozi nyingi za bandia zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Plastiki hiyo ikiunguzwa na leza hutoa hewa ya sumu inayochoma macho, koo na mapafu, na inaitia mashine kutu. PVC haikatwi kwa leza hata siku moja. Ngozi iliyolainishwa kwa dawa ya kromi nayo inataka uangalifu, maana moto mkali unaweza kuigeuza kromi hiyo ikawa ya sumu. Muulizeni anayewauzia ngozi ametumia dawa gani. Yetu sisi imelainishwa kwa maganda ya miti.

Tulirudi nyumbani tukabishana. Vijana walitaka tununue upesi. Wazee walisema tungoje. Mwisho tukakubaliana jambo moja: twende tena, lakini na ngozi yetu wenyewe.

Safari ya pili tulichukua ngozi mbili za ng'ombe, na tukamchukua mzee wetu mkata ngozi. Mashine ikakata, tena kwa haraka. Kompyuta ilipanga vipande karibu karibu kama samaki kwenye kikaango, na mabaki yalikuwa machache. Mzee aliviokota kimoja kimoja, akavigawa mafungu mawili. Fungu moja akalisukuma pembeni. "Hivi siwezi kumwuzia mtu," akasema.

Kwa nini? Ukanda mmoja wa mbele ulikuwa na kovu la kupe katikati. Mwingine ulipita juu ya chapa ya moto. Mingine minne ilikatwa kwenye tumbo, na ninyi mnajua ngozi ya tumbo inavutika. Mteja angevaa wiki mbili, makubazi yakalegea.

Ngozi si kitambaa. Kitambaa ni sawa mwanzo mpaka mwisho. Ngozi ilikuwa nguo ya mnyama aliye hai. Ilichunwa na miiba, ikaumwa na kupe, ikachapwa kwa moto. Ni nene mgongoni, ni laini tumboni. Mkono wa mzee wetu unayajua hayo yote kabla kisu hakijagusa. Mashine haijui, haioni kovu la kupe. Zipo mashine kubwa zenye kamera. Fundi anatia alama kwenye makovu, kamera inazisoma, kompyuta inapanga vipande kuyakwepa. Lakini hata hapo, ni mtu anayeliona kovu kwanza. Basi msidhani mkiwa na mashine mtaweza kumwondoa mkata ngozi wenu. Mtamhitaji zaidi, maana mashine inaharibu kwa haraka ile ile inayokatia.

Jambo la mwisho tulilifanya nyumbani, na halikugharimu ila daftari na kalamu. Kwa siku sita katibu aliandika kazi yetu yote. Mkata ngozi alikata jozi 14 kila siku. Washonaji walimaliza jozi 9. Hebu toeni: kila jioni jozi 5 zililala zikingoja sindano. Siku ya sita jozi 30 zilikuwa zimelundikana kwenye sanduku.

Mnaona? Shida yetu haikuwa kukata, ilikuwa kushona! Mashine ingekata hata jozi 60 kwa siku, na sisi tungeuza zile zile 9. Deni lingekuja kila mwezi, na lundo lingefika darini. Miaka minne tulikuwa tunaweka akiba kwa ajili ya shida ambayo hatukuwa nayo. Tulinyamaza kimya siku ile daftari liliposomwa.

Tukanunua cherehani ya pili ya ngozi, na kijana mmoja akafundishwa kuitumia. Mkopo hatukuchukua. Fedha zilizobaki ziko benki.

Lakini tusiwe wachoyo wa ukweli. Kijana wetu aliyetetea leza alikuwa na hoja. Mikanda yenye majina wateja wanaitaka sana. Kwa hiyo mikanda hiyo tunampelekea fundi mwenye leza mjini, tunamlipa kwa kila mkanda. Siku daftari litakapotuonyesha kwamba washonaji wanakaa bure wakimngoja mkata ngozi, siku hiyo tutanunua mashine, na nadhani itakuwa ya kisu.

Ninyi mkitaka kununua, ulizeni maswali haya, na majibu myaandike:

1. Kazi yetu inakwama wapi: kwenye kukata, kushona, au kuuza?
2. Tunakata ngozi ya namna gani, na unene wake ni milimeta ngapi? Je, mashine inaikata yetu, mbele ya macho yetu?
3. Meza inatosha ngozi nzima, au tutaikata vipande kwanza na kupoteza?
4. Umeme wa kijiji chetu ni wa fezi moja au tatu? Ukikatika katikati ya kazi, itakuwaje?
5. Bomba la leza au kisu kikichakaa, kipya kinapatikana wapi na kwa bei gani?
6. Nani atatufundisha kuchora kwenye kompyuta? Akiondoka huyo mmoja, nani mwingine anajua?
7. Moshi utatokea wapi?

Msione haya kuuliza. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Mwanza kuna tawi la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam linalofundisha kazi za ngozi. Nendeni mkaulize kabla ya kutia sahihi.

Zamani wengi wetu tulikuwa tunaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hatukuweza kuisoma. Leo tunasoma, tunaandika, tunatoa na kujumlisha. Basi mwuzaji akiwaambia, "Wahini, imebaki moja tu," mwambieni angoje kidogo. Mwambieni daftari bado halijasema.