Plazma: Akiba Tusiyoiweka
Mada kwa Semina ya Utoaji Damu, Mtwara



Mfuko wa damu ukisimamishwa jokofuni usiku kucha bila ya kuguswa, damu hujigawa yenyewe: chembe nyekundu hutuama chini, na juu hubaki maji ya manjano, mfano wa chai ya mchaichai, ambayo ndiyo plazma, nayo ni zaidi ya nusu ya damu yote. Mna ndani yake viini vya kugandisha damu, ambavyo mzazi anayevuja baada ya kujifungua akivikosa huweza kufariki ijapokuwa ameongezewa damu. Mna albumini, na mna kinga za maradhi.

Sisi watu wa kusini neno ghafi si geni masikioni mwetu. Miaka mingi korosho za Newala na Tandahimba zimepakiwa melini na maganda yake zikabanguliwe Bara Hindi, nasi tumenung'unika, na ni haki yetu. Lakini katika dawa za plazma hali yetu ni dhaifu zaidi, kwani korosho angalau twaiuza, ilhali plazma hata iliyo ghafi hatunayo ya kutosha. Kichupa cha albumini chatoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya plazma ya viwandani duniani hutolewa na Wamarekani, aghalabu kwa malipo.

Sidai kiwanda cha dawa za plazma leo, mfano wa kile cha Pinetown karibu na Durban. Nidaiyo ni plazma ya kugandishwa, atiwayo mgonjwa kama ilivyo. Sharti lake ni damu itengwe mashineni na plazma igandishwe kabla ya kupita saa 8 tangu kutolewa, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Hapo hukaa mwaka mzima, na damu nzima hukaa siku 35 tu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kusini ki papa hapa Mtwara, na gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, yatuwashia taa.

Kilichobaki ni watoaji. Damu ya jamaa wa mgonjwa, itolewayo usiku kwa kiherehere, hutiwa nzima papo hapo. Ya kutengwa ni ile iliyotolewa kwa hiari, mapema, pasipo mgonjwa anayesubiri. Nilimkuta mvuvi mmoja wa Msimbati amekaa katika benchi la hospitali, pamba imebanwa kiwikoni, ametoka kumtolea damu shemeji yake. Nikamweleza kwamba maji yale ya damu mwili huyarejesha kwa siku mbili hivi, na kwamba mwanamume mzima wa afya aweza kutoa tena baada ya miezi 3.

Akafikiri, kisha akauliza, “Nikija siku hiyo, na kwetu hapana anayeumwa, mtaipokea?”