Lipi Lako, Lipi la Mwenzio
Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayosaidia kuifanya vyuoni Mbeya na Iringa, yaani warsha za uandishi wa kitaaluma. Baadhi yenu mtauliza: mtu aliyekwisha kufika chuo kikuu afundishwe kuandika tena? Naam, afundishwe, na sababu yake inaanzia huku sekondari.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza mtoto anakutana na Kiingereza karibu katika kila somo, naye anajiokoa kwa kukariri maelezo ya ubaoni. Akifika chuoni anatakiwa aandike tasnifu yenye mawazo yake mwenyewe. Anaogopa, anafungua kitabu, ananakili.

Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa viazi, alinakili karibu sura nzima. Chuo chake, ambacho sitakitaja, kiliikataa kazi yake, akarudia mwaka. Nilimwuliza kwa Kiswahili mkulima wa kwao anapata hasara wapi. Alinieleza kwa nusu saa, kutoka shambani hadi kwa mnunuzi mwenye gunia la lumbesa. Katika tasnifu yake hapakuwa na hata neno moja la hayo.

Kwa hiyo katika warsha zetu hatuanzi na sarufi. Kwanza, mwanafunzi anamweleza mwenzake jambo lake kwa Kiswahili, kwa dakika tano. Pili, anapoandika, kila aya inabeba dai moja na ushahidi wake. Tatu, anaonyesha lipi ni lake na lipi ni la mwenzie. Kijana yule aliandika upya kwa njia hiyo, na mwaka uliofuata kazi yake ikapita.

Hilo la tatu ndilo gumu. Iringa tunatumia mfano wa fuvu la Mtwa Mkwawa lililoko Kalenga. Mkwawa alikufa 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilitoe fuvu lake, na Gavana Twining alileta fuvu kutoka Bremen 1954. Hayo yana maandishi yake, unayataja. Lakini kwamba fuvu hilo ndilo lenyewe, hapo useme ni nani asemaye na kwa ushahidi gani. Twining alitegemea vipimo alivyolinganisha na vya jamaa za Mkwawa, na wako wanahistoria wasioridhika navyo.

Mbeya tunatumia kimondo cha Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi 2016. Maandishi mengine yanasema kina uzito wa tani 12, mengine 16. Mwandishi makini haokoti tarakimu inayompendeza. Anaziandika zote mbili na kutaja kila moja ilikotoka.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoandika insha nzima kwa dakika moja. Kijana yule angeweza kuipata tasnifu humo, na bado asingekuwa amesema alichokiona kwao.

Ndugu Mwenyekiti, naleta ombi. Tusingoje vyuo. Kila mmoja wetu achukue insha mbili za kidato cha tano au cha sita kila muhula, azisome, na pale penye dai lisilo na ushahidi aandike pembeni swali moja tu: "Umejuaje?" Jina langu nimekwisha kuliandikisha kwa Katibu.

Nanyi wadogo zetu, mkirudishiwa karatasi zenye swali hilo, msidhani mmetukanwa. Lijibuni kwanza kwa mdomo, kwa lugha mnayoiweza, kisha mshike kalamu.